Jina Katika Ukurasa wa Ishirini na Moja

Jumamosi moja ya Aprili 1995, soko la Likasi lilikuwa limefurika, ingawa wengi walikuja kutazama bei tu na kurudi mikono mitupu. Mama Numbi, muuza karanga, alikaa nyuma ya beseni lake akichana kijitabu cha picha. Kila ukurasa aliukunja kama pembe, akaujaza karanga za moto, akausimamisha mbele ya wateja.

Mikono miwili ilifika kwenye pembe moja.

"Hii ni yangu," alisema mwanamke.

"Chukua ingine, Madame. Karanga ni zile zile."

"Kama ni zile zile, weye njo uchukue ingine."

Clovis, fundi umeme wa kiwanda cha Shituru, alimtazama vizuri. Mwanamke alivaa kikwembe cha njano chenye majani ya kijani, blauzi yake ya libaya imemkaa sawasawa mabegani, na nywele zake zilisukwa kwa uzi mweusi. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye ovaroli ya kazi iliyofuliwa hadi buluu ikapotea, ingawa kiwanda kilikuwa kimelala wiki nzima.

"Unataka karanga ama karatasi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mwanamke akaona haya, kisha akacheka. "Karatasi. Ni Zéfiron, numero kumi na mbili. Ni hapa njo anavunjika mukono."

"Weye mwanamuke unasomaka Zéfiron?"

"Na weye mwanaume unauliza maulizo ya namna hii?"

"Mununue ama mutoke," akasema Mama Numbi.

Walinunua, wakala karanga zote wakitembea, wakausoma ukurasa wenye mafuta. Mwanamke aliitwa Alphonsine, mwalimu wa darasa la tatu. Baba yake alikuwa mtu wa Kambove. Mama yake alikuwa wa Kasai, na sasa aliishi Mwene-Ditu. Hakueleza zaidi, na Clovis hakuuliza. Mwaka tisini na mbili watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mjini, na nyumba nyingi zilikatika katikati siku zile.

Walichozungumza siku hiyo kilikuwa Zéfiron. Alikuwa shujaa wa vitabu vya picha vya Ulaya, vilivyouzwa mjini zamani, mtu mwenye barakoa ya kijivu aliyepanda upepo kama wengine wapandavyo baiskeli.

"Kisha numero arobaini, iliharibika," alisema Alphonsine. "Walimupa nguvu ya kusimamisha saa. Muntu anayeweza yote, atakuwa na uhodari gani? Hawezi kuumia!"

"Mais non! Pale njo inakuwa nzuri. Anaokoa dunia muzima!"

"Dunia muzima haina jirani, Clovis. Ku mwanzo alikuwa anaokoa avenue moja. Alikuwa anajua jina ya kila muntu. Pale alikuwa anaogopa, na alikuwa anaenda tu."

Clovis akasema kwamba kwao kulikuwa na sanduku la Zéfiron. Mama yake alikuwa ameuza nusu kwa Mama Numbi bila kumwambia, na ndiyo maana alikuwa sokoni akifukuzia kurasa.

Alphonsine alisimama katikati ya njia. "Uko na kese muzima, na unaniambia sasa?"

Basi kila Jumamosi Clovis alimletea namba mbili, akarudishiwa mbili za wiki iliyopita. Mapenzi yalikuja katikati ya mabishano, wala hakuna aliyeweza kusema yalianza kwenye namba ipi. Alimwita "Madame la Maîtresse", yaani Bibi Mwalimu. Yeye alimwita "Monsieur Arobaini" kwa kumcheka. Mvua ya mwisho ya Aprili iliwakuta chini ya baraza la duka lililofungwa, na Alphonsine akaingiza mkono wake baridi katika mfuko wa ovaroli, akauacha humo.

"Mupenzi, juu ya nini vitabu vyako vyote havina ukurasa ya kwanza?"

"Panya," alisema Clovis, akitazama mvua.

Mwezi Mei, jioni moja akisahihisha madaftari ya wanafunzi, Alphonsine alifungua namba thelathini na moja ili apumzike. Alipofika ukurasa wa ishirini na moja, akaisogeza taa. Chini kabisa, kwa penseli, herufi ndogo zilizolala upande: *Tshimanga M.*

Aliijua ile penseli. Tshimanga alikuwa binamu yake, mtoto wa mjomba, aliyezaliwa tarehe ishirini na moja. Aliandika jina lake kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu, na katika vichache alivyovipenda zaidi, tena kwenye ukurasa huo, ili mwizi asipate la kusema. Ndiye aliyemfundisha kumpenda Zéfiron, wakilala kifudifudi kwenye sakafu ya nyumba ya mjomba kule Shituru. Mwaka tisini na mbili familia ile ilikimbilia gare, stesheni ya treni, na mama yake Alphonsine, aliyekuwa amejificha kwao, pamoja nao. Nyumba ilikombwa siku ile ile, hata milango.

Kesho yake alimngoja Clovis kwenye geti la shule, kitabu mkononi.

"Ni weye ulichana ukurasa za kwanza?"

Clovis aliona kitabu kilipofunguliwa, akajua. "Ni minye."

"Ulimujua Tshimanga?"

"Nyumba yao ilikuwa mbele ya yetu. Alphonsine, sikiliza. Batu walikuwa wanabeba mashini ya kushona, malango, yote. Minye nilibeba kese tu, nisiache wachome. Niliokoa vile vitabu."

"Uliokoa vitabu," alirudia Alphonsine polepole. "Ile ni nyumba ya mujomba yangu. Mama yangu alikuwa ndani."

"Sikujua kama ni mama yako."

"Kama hakuwa mama yangu, ingekuwa muzuri?"

Alphonsine alimrudishia kitabu kifuani na kuingia shuleni. Jumamosi hakuja sokoni, wala Jumamosi iliyofuata. Clovis alituma barua mbili, zote zikarudi bila kufunguliwa. Alikonda. Mama yake, Élisabeth, alimwambia wasichana ni wengi mjini, naye akasukuma sahani na kutoka nje. Hakuwa akimlilia msichana peke yake. Kulikuwa na jambo jingine la siku ile, ambalo hakumwambia Alphonsine wala mtu yeyote.

Simu za mjini zilikuwa zimekufa, na aliyetaka kuzungumza na Kasai alikwenda kwenye phonie ya Symphorien, redio ya masafa katika chumba nyuma ya duka lake. Mmoja husema, akimaliza anatamka "à vous" na kuachia kitufe, ndipo mwingine anajibu. Hapakuwa na siri. Sauti ilikuwa mbovu, watu walipiga kelele, na benchi zima lilisikia nani amezaa na nani amefariki. Kila Alhamisi Alphonsine alizungumza hapo na mama yake.

Alhamisi ya kwanza ya Juni alimkuta Clovis amekaa kwenye benchi, shati jeupe limepigwa pasi. Alikaa mbali naye bila salamu.

"Mwene-Ditu iko ku hewa!" aliita Symphorien. "Clovis, kuja. Tshimanga iko anangoja."

Alphonsine aliinua kichwa ghafla.

Clovis alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Tshimanga, ni Clovis wa nyumba ya mbele. Unanisikia? À vous."

"Ninakusikia. Unataka nini? À vous."

"Niko na deni ya maneno kwako." Akapandisha sauti. "Ile siku, papa yako aliniomba nimusaidie kusukuma pousse-pousse ya mizigo yenu mpaka ku gare. Nilimwambia mugongo inaniuma. Haikuwa inaniuma! Niliogopa batu wa avenue wasije wakaniona na ninyi. Mulipoenda, niliingia mu nyumba nikabeba kese ya Zéfiron. Nilichana majina yako. À vous."

Mzee mmoja aliyekaa pembeni alivaa kofia yake akatoka nje, akitazama chini.

Redio ilikoroma muda mrefu. "Papa alisukuma ile pousse-pousse na minye," ilisema sauti ya Tshimanga. "Treni haikukuja. Alikufa pale mu gare, juma ya tatu ya kungoja. À vous."

Clovis alitazama kitufe.

"Jibu, Monsieur," Symphorien alimnong'oneza. "Anangoja."

"Sikujua. Nisamehe, Tshimanga. À vous."

"Maneno ya namna hii haisemwake mu phonie. Kama ni kweli, kuja uniambie mu macho. À vous."

"Nitakuja. Terminé."

Alphonsine alimfuata hadi nje. Kitambaa kilikuwa kimemteleza kichwani.

"Juu ya nini hukuniambia ya pousse-pousse?"

"Ya vitabu niliweza kuipamba. Ile ingine haina mapambo."

"Nilikuwa nafikiri uko mwizi. Sasa nimejua uko mwoga pia."

"Ndiyo."

"Njia ni mbaya. Treni inaweza kulala mu pori mwezi muzima."

"Ninajua. Ninaogopa, Alphonsine. Nitaenda tu."

Alimtazama kwa muda, kama anayesoma tena mstari alioupita haraka. Hakumshika mkono. Alimwambia tu avae koti, kwa sababu baridi ya Juni ilikuwa imeingia, kisha akarudi ndani kungoja zamu ya mama yake.

Clovis aliondoka wiki ile kwa treni ya mizigo, sanduku juu ya kichwa. Juni ikaisha, Julai ikaisha. Alphonsine alimuuliza mama yake kwenye phonie mara mbili kama kuna mgeni aliyefika, na mara zote jibu lilikuwa hapana. Mara ya tatu hakuuliza. Alilia kwanza, benchi zima likimwona, na wiki iliyofuata betri ya phonie ikafa.

Clovis alirudi mwisho wa Agosti, saa sita mchana, kwa miguu kutoka gare. Alisimama kwenye ua wa kina Alphonsine, shati likiwa limechakaa na mashavu yamebonyea. Hakuwa na sanduku. Alphonsine alikuwa akianika nguo. Aliacha shati la baba yake likidondokea ndani ya beseni.

"Ulifika?"

"Juma nane njiani. Nilimwambia yote, mu macho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanipeleka ku kaburi ya papa yake ya musalaba tu, kwa sababu mwili ulibaki huku. Jioni akanipa bukari nikule."

"Alikusamehe?"

"Hakusema. Alihesabu vitabu, akaniuliza ile ingine ilienda wapi. Nikamwambia: ku karanga." Alijipangusa vumbi usoni. "Mama yako anakusalimia. Anaomba umupelekee picha yako."

Alphonsine alijifuta mikono kwenye kikwembe. Machozi yalimjaa, lakini sauti ilitoka imara.

"Na minye pia sijasema nimekusamehe."

"Ninajua, chérie. Sikukuja kuomba ile. Nilikuja kuomba kukuoa."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya baba yake ikiuliza ni nani yuko uani. Alphonsine aliokota shati, akalikamua, akalitundika kwenye kamba kabla hajajibu.

"Ingia," alimwambia Clovis. "Papa iko anakula. Utamwambia kwanza ya gare na ya pousse-pousse, yote, bila kuruka kitu. Kama akikuacha ukae mpaka mwisho, njo umuulize ile ingine."

Alimfungulia mlango, akaingia naye.