Salamu Kabla ya Kipimo

"Kambare, nenda Ikwiriri. Linda faili la dawa ya maji. Jifunze XML."

Haruni aliitazama redio yake ya Motorola kama imemtukana.

"Makao, rudia neno la mwisho."

Redio ilikuwa imeshakatika.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia deltani. Muhidini, mfanya magendo kutoka Dar, alikuwa akiliwinda faili la kijitabu cha maelekezo ya dawa ya kusafishia maji ya kunywa. Kipimo halali ni kifuniko kimoja kwa ndoo. Muhidini alitaka kiandikwe vinne ili chupa ziishe haraka, auze nyingine. Vifuniko vinne vingeunguza matumbo ya watoto.

Basi jasusi mzima, hodari wa shabaha, akakalishwa gesti mbele ya kompyuta ya Toshiba, jenereta ikinguruma dirishani. Mwenzake ni Rukaya, mwandishi wa vijitabu vya zahanati.

XML yenyewe aliielewa upesi. Kila kipande cha maandishi unakivisha lebo mbele na nyuma, ikisema hiki ni nini: onyo, hatua, kipimo. Sura yake unaiachia mashine ya kuchapa. Unaandika mara moja, unatoa kijitabu, unatoa na bango la ukutani.

Kilichomkera ni Rukaya.

Kila ukurasa aliuanza kwa salamu. Kompyuta ikagoma: lebo ya "salamu" haimo kwenye kanuni. Haruni akaifuta. Rukaya akairudisha. Akaifuta tena, ikarudi tena, na bastola ya Browning kiunoni haikumfaa kitu.

"Dada, haya ni maelekezo, si barua ya posa."

"Kaka, mtu wa Maparoni, kule deltani, humwamrishi kabla hujamsalimu. Kanuni si unaziandika wewe? Iongeze."

Kweli, XML inakuachia ubuni lebo zako. Haruni akaiongeza huku akiuma meno. Kompyuta ikakubali. Akatoka kuvuta sigara, hasira zipungue.

Aliporudi, Rukaya alikuwa sakafuni, kafungwa kamba.

Disketi yenye faili hakuna.

Sigara moja tu! Alijichukia. Akamfungua Rukaya, akamsaka Muhidini huko Nyamwage, akamkosa. Kibiti wakamwambia kapita jana. Hatimaye Motorola ikakoroma.

"Kambare, mzigo unaelekea Maparoni. Dawa na vijitabu."

"Niko njiani."

Boti ya Yamaha ikapasua maji kati ya mikoko.

Alichelewa. Mzigo ulikuwa umeshushwa tangu asubuhi.

Akaruka nchi kavu, bastola mkononi. Bi Hajira, mgawa dawa wa kijiji, alikuwa amekalia boksi.

"Nani amekunywa?"

Bi Hajira akamtazama tu. Haruni akahisi kupasuka. Kisha akaelewa, akairudisha bastola kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekunywa. Kijitabu kimeingia hivi hivi, salamu hakina. Rukaya hajapata kuniagiza jambo bila kunisalimu."

Haruni akakifungua. Onyo lipo, hatua zipo, kipimo ni vinne. Mashine ya Muhidini, yenye kanuni za zamani, ilichapa maandishi ya lebo inazozijua tu. Salamu haikuijua, ikairuka.

Muhidini, aliyeuleta mzigo mwenyewe, alikuwa nyuma ya ghala, kaviringishwa na wanakijiji kwenye wavu, akilalamika.

Redio ikaita.

"Kambare, hali? Umetumia risasi ngapi?"

"Shikamoo, mkuu."

Makao wakababaika kidogo.

"Marahaba."

"Hakuna hata moja."

Akaizima, akaielekea boti polepole, akimsalimu kila aliyepishana naye.