Skafu Nyekundu ya Bwana Krol

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Maren Tvedt alizunguka mtaani akisimamisha mabango ya mama yake. Upepo wa Oktoba uliyaangusha usiku kwenye nyasi za mbele ya nyumba za watu, naye aliyachomeka upya: CORINNE TVEDT, BODI YA SHULE. Kando yake zilisimama mbao za mpinzani, Delbert Krol, alizozipaka rangi mwenyewe. Hizo upepo haukuziweza.

Bwana Krol aliendesha basi la shule ya Harlan Fork mpaka alipostaafu. Wapiga kura wengi aliwahi kuwabeba wakiwa watoto, akiwasubiri kwenye theluji wale waliochelewa kuvaa viatu. Kiti kilikuwa kimoja tu. Mama alikitaka ili aipiganie maktaba ya shule isifungwe, na Maren alikitaka kuliko mama mwenyewe.

"Mama yako atagaragazwa," Dwight, mwanafunzi mwenzake, alimwambia wakati wa chakula cha mchana, mdomo umejaa viazi. "Nani atamnyima kura Bwana Krol? Hata baba yangu anamsifu, na baba yangu hajawahi kumsifu mtu!"

Meza nzima ikacheka. Maren alihisi masikio yanamwaka.

"Basi kamuulizeni Jumamosi alikuwa wapi," alisema. "Alikuwa Osmund, kwenye ukumbi wao wa michezo. Kavaa skafu nyekundu, anawashangilia!"

"Acha uongo wewe!"

"Haki ya Mungu, nimemwona kwa macho yangu."

Kicheko kikakatika. Osmund ulikuwa mji wa jirani, na nyekundu ilikuwa rangi yao. Shule ya Harlan Fork ilipungukiwa na wanafunzi mwaka hadi mwaka, na watu waliogopa siku itakapounganishwa na ya Osmund, jezi zao za bluu zifungiwe kabatini zisionekane tena. Harlan Fork ungeweza kumsamehe mtu mengi, lakini si nyekundu.

Na ni kweli Maren alimwona. Baba yake alipeleka mahindi kwenye maghala ya Osmund, na kwa kuwa foleni ya malori ilikuwa ndefu, Maren, aliyefuatana naye, akaingia ukumbini kujipasha joto. Bwana Krol alimwita, akamnunulia bisi, kisha akamwonyesha msichana mrefu aliyecheza mpira wa wavu.

"Yule mwenye namba saba ni Josie, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyeolewa huku. Skafu hii kanifumia mwenyewe. Inawasha shingo hiyo! Lakini nikiivua ananuna."

Hayo Maren hakuyasema. Alizitafuna bisi za mzee, na habari zake akazigawa nusu.

Nusu hiyo ilitosha. Jioni ilifika madukani, na Jumapili, watu walipokunywa kahawa baada ya ibada, ilikuwa imeshaota miguu na mikono. Krol anataka kutuunganisha na Osmund. Krol ameahidiwa kazi ya mabasi huko. Mbao zake zikaanza kung'olewa moja moja, na waliozing'oa ni wenye nyumba wenyewe.

Kwenye mkutano wa wagombea, mtu alisimama akamuuliza waziwazi. Bwana Krol alijibu kwamba alikwenda kumtazama mjukuu wake.

"Mjukuu gani huyo anayezaliwa wakati wa uchaguzi?" sauti ikadakia nyuma, na watu wakacheka.

Mzee akaangalia viti, macho yake yakamfikia Maren. Angeweza kusema, "Mtoto yule anajua." Hakusema. Maren naye akainamia viatu vyake mpaka swali jingine lilipoulizwa.

Mama akashinda. Majirani walileta keki, wakaimba. Maren hakuigusa keki, na wageni walipoondoka alimfuata mama jikoni, akamweleza yote.

Mama alikaa kitini, sahani mkononi. "Ungeniambia wiki iliyopita, Maren," alisema taratibu, "ningekwenda kumsafishia jina mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Sasa niende kumwambia nani? Kura zimeshapigwa."

Hata hivyo, kikao cha kwanza cha bodi kilipofunguliwa, mama alisimama mbele ya watu akaeleza ukweli wote, akasema yuko tayari kukiacha kiti. Watu waliomcheka mzee walitazama chini. Bwana Krol akatikisa kichwa.

"Kaa, Corinne. Piganie maktaba yako. Mimi kiti siumii nacho." Kisha akamgeukia Maren. "Kinachoniumiza ni Josie. Yalimfikia. Ameniambia, 'Babu, usije tena kwenye mechi zangu, na hiyo skafu itupe.' Anadhani yeye ndiye aliyeniangusha."

Maren hakulala vizuri. Jumamosi alimwomba baba ampeleke Osmund, akamkuta Josie ukumbini akifunga kamba za viatu.

"Babu yako hakuangushwa na skafu yako," alisema. "Ni mimi. Nilijua wewe ni nani, nikanyamaza."

"Ulijua, na ukamwacha achekwe?"

"Nilijua. Nisamehe."

Josie hakumpa mkono. Lakini alikwenda kumpigia babu yake simu, na mchezo wa mwisho wa msimu ulipoanza, Bwana Krol aliingia ukumbini, skafu nyekundu shingoni. Alimwona Maren amekaa peke yake, akaja kuketi kando yake.

"Bwana Krol, niliyoyasema yote yalikuwa kweli," alisema Maren, machozi yakimlenga. "Sikujua yangekuwa uongo."

"Ukweli ukiukata nusu, mwanangu, watu huijaza hiyo nusu nyingine wenyewe, na hawaijazi kwa wema." Mzee akairekebisha skafu. "Mama yako ni mtu hodari. Pengine angenishinda hata bila hayo, kwa haki kabisa. Lakini hatajua kamwe. Hilo ndilo ulilomnyang'anya, na mimi siwezi kumrudishia."

Namba saba akapiga mpira, ukumbi ukalipuka. Bwana Krol akajikuna shingo, akasimama kushangilia.