Gundi Haijakauka

Fundi bomba wa jengo letu la ghorofa nne alikuwa na tabia moja. Akipanda ngazi, kila akimaliza ghorofa husimama na kugonga bomba la ukutani kwa spana. Ko, ko, ko. Sisi wapangaji tukamsifu. Huyu ndiye fundi, tukasema, hakuna bomba linalompita bila kukaguliwa.

Mkewe hakudanganyika. Aliona kwamba mumewe sasa anagonga hata kabla ya kufika ghorofa ya kwanza. Siku moja alimfuata polepole. Akamkuta mkono mmoja unagonga, mwingine umeshika kifua.

"Unakagua bomba, au unatafuta pumzi?"

"Uzee tu, mke wangu. Kifua kinabana kidogo. Nikisimama kinaachia."

"Uzee wa miaka hamsini na mbili! Kesho tunakwenda hospitali."

Huko wakampiga picha za mishipa ya moyo. Daktari hakuzunguka.

"Mshipa wako mmoja unaolisha moyo umeziba kabisa. Na si wa jana."

"Kabisa? Mbona niko hai?"

"Mishipa midogo ya pembeni inaupelekea moyo damu kidogo. Ukikaa, inatosha. Ukipanda ngazi, haitoshi."

Kwanza alimpa dawa. Miezi mitatu ikapita, na kifua bado kilibana. Ndipo daktari akamweleza njia nyingine: kuingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, kuufikisha kwenye moyo, kupitisha waya palipoziba, kisha kuacha wavu mdogo wa chuma ili mshipa ubaki wazi.

"Kumbe mnazibua kama mimi!" fundi akasema.

"Ndiyo, ila bomba lako haliumwi. Sikiliza vizuri. Wengi hupata nafuu: kifua huacha kubana na pumzi hurudi. Lakini siwezi kukuahidi kwamba utaishi miaka mingi zaidi. Pengine waya utashindwa kupita. Mshipa unaweza hata kutoboka, ingawa si mara nyingi. Ndiyo maana kazi hii huachiwa waliobobea."

Mkewe aliuliza maswali yote, fundi akakubali. Kazi ilichukua saa tatu, na waya ukapita. Baada ya wiki chache fundi alipanda hadi ghorofa ya nne bila kugonga chochote. Tulifurahi sana.

Huko juu anakaa muuguzi, na siku hiyo bomba la sinki lake lilikuwa limeachia kwenye maungio. Fundi akaliunga, akafuta mikono.

"Sista, usifungue maji mpaka jioni. Gundi lazima ikauke."

"Sawa, fundi. Na dawa zako unameza?"

"Nimeziacha tangu juzi. Nikishamzibulia mteja, simwambii aendelee kumwaga dawa kila siku. Likizibuka limezibuka!"

Muuguzi hakucheka. Alinyoosha mkono akashika koki ya sinki.

"Sista, acha! Gundi mbichi hiyo!"

"Kwani bomba hujaliunga?"

"Nimeliunga, lakini litafumuka!"

"Basi na wewe gundi yako mbichi." Akaiachia koki. "Ule wavu ni chuma kigeni. Damu hupenda kuganda juu yake, mpaka mshipa uufunike kwa ngozi yake wenyewe. Hiyo ni kazi ya miezi. Zile dawa ndizo zinazozuia damu isigande. Ikiganda pale, mshipa unaziba ghafla, na mtu anaweza kufa siku hiyo hiyo. Usiache hata moja mpaka daktari wako aseme."

Fundi akakaa juu ya sanduku lake la vifaa. Aliogopa, na hakuficha. Akapiga simu kliniki palepale, wakamwambia aje saa hiyo hiyo. Walimpima, wakamkuta salama, wakamrudisha kwenye dawa. Bahati ilikuwa upande wake.

Tangu hapo, kila asubuhi mkewe humwekea dawa kando ya kikombe.

"Imekauka?"

"Bado," fundi hujibu, na humeza.

Baada ya mwaka daktari alimpunguzia dawa moja. Nyingine zinaendelea, kwa sababu zinailinda mishipa yote iliyobaki. Na sigara alizokuwa akivuta aliziacha mwenyewe, kwa kununa.

Jana mkewe alikuwa anakunja nguo. Akasikia kwenye ngazi: ko, ko, ko. Alitupa nguo, akatoka mbio bila viatu. Mumewe alikuwa amesimama ghorofa ya tatu, spana mkononi.

"Kifua?"

"Hapana, mke wangu." Akamwonyesha tone la maji kwenye maungio. "Safari hii linavuja kweli."

Mkewe akaketi kwenye ngazi, akacheka huku machozi yanamtoka.