Neno Ambalo Melkizedeki Hakulijua

Mwaka 1993 Melkizedeki alilima maharage na migomba milimani juu ya Same, njia ya kwenda Vudee. Zamani alikuwa karani kwenye shamba la mkonge kule tambarare. Shamba lilipopunguza watu, alirudi nyumbani.

Majirani walimheshimu kwa Kiingereza chake. Siku hizo redio ilijaa habari za mageuzi, vyama vingi na soko huria. Watu walimwuliza maana ya maneno mapya. Yeye alijibu kila swali. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema, "Hilo silijui."

Kitongoji chao kilikuwa na ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya kijito. Maji yaliteremka kwa mifereji hadi mashambani. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake.

Siku moja akaja mfanyabiashara, Bwana Rogers. Alitaka kulima nyanya kwa maji ya ndiva. Alileta mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza. Mkutano ukaitwa, na mwenyekiti akampa Melkizedeki karatasi.

"Mzee Melki, tusomee. Wanasemaje?"

Melkizedeki aliona maneno "level playing field". Alijua kila neno peke yake.

"Atatutengenezea uwanja tambarare wa kuchezea," alisema. Vijana wakapiga makofi.

"Na kuhusu ndiva?" aliuliza Blandina, mjane jirani yake.

Hapo paliandikwa "exclusive use". Neno la kwanza hakulijua. Watu wote walikuwa wakimtazama.

"Ni matumizi mazuri ya maji," alisema.

Blandina aliridhika. Akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Wengine wakafuata, na mwenyekiti akatia sahihi.

Baada ya wiki mbili lango la ndiva lilitiwa kufuli. Maji yote yakaenda kwenye nyanya za Bwana Rogers. Maharage ya Blandina yalikauka yakiwa na maua.

Melkizedeki alichukua nakala ya mkataba, akaenda kwa Ernesta, mwalimu wa elimu ya watu wazima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nisaidie neno hili."

Ernesta alisoma. "Maana yake ni yeye peke yake. Mwingine haruhusiwi kutumia maji."

"Na uwanja?"

"Hakuna uwanja, mzee. Hiyo ni nahau ya wanasiasa na wafanyabiashara. Wanataka kusema washindani wote wapewe nafasi sawa. Nahau haifasiriwi neno kwa neno."

Melkizedeki aliinama. "Nimewaumiza watu."

"Waambie ukweli. Kisha tudai mkataba wa Kiswahili. Mtu asikubali jambo asilolielewa."

Aliwaambia. Ilikuwa siku ngumu kuliko zote maishani mwake. Wengine walimzomea. Lakini waliandika barua, wakaenda wilayani, wakatafuta mwanasheria. Ilichukua mwaka mzima. Bwana Rogers aliogopa kesi, akakubali mkataba mpya wa Kiswahili. Yeye angetumia maji siku mbili kwa wiki, wananchi siku tano.

Maharage yalistawi tena, lakini si ya Blandina. Njaa ilikuwa imemlazimisha kuuza shamba na kuhamia kwa binti yake Elinaza, kijijini Kifaru.

Melkizedeki alimfuata huko.

"Mama Elinaza, nisamehe. Sikujua lile neno. Niliona aibu kusema."

Blandina alijibu, "Ungesema hujui, tungemtafuta mwingine. Tusingekucheka."

"Maji yamerudi."

"Nimesikia. Nimefurahi kwa ajili yenu." Akamkaribisha chai. Habari za shamba hawakuzitaja tena.

Mwezi uliofuata ililetwa karatasi nyingine ya Kiingereza, ya kuchangia huduma za zahanati. Mwenyekiti alimpa Melkizedeki. Aliisoma hadi katikati, akasimama.

"Ndugu zangu, neno hili silijui. Mwiteni Mwalimu Ernesta."

Hakuna aliyecheka. Mkutano mzima ulikaa ukamngoja mwalimu. Alipomaliza kueleza, watu waliuliza maswali mengi, na mikono ya kupiga kura haikunyooshwa hadi jioni sana.