Picha Mbili za Bi Rehema

Kila jioni, baada ya kuosha karoti za kupeleka sokoni, Nasra alimsomea mama yake ujumbe ulioingia kwenye simu. Mama yake, Bi Salama, alisoma kwa shida, na Nasra alikuwa darasa la sita. Nyumba yao ilikuwa Magamba, karibu na msitu.

Jioni moja lilitokea tangazo.

"'Unga wa Umbo Jipya,'" Nasra alisoma. "'Punguza kilo kumi kwa siku saba! Presha kwisha. Achana na vidonge vya hospitali.'"

Chini yake palikuwa na picha mbili za mwanamke mwenye kovu juu ya jicho. Katika ya kwanza alikuwa mnene, katika ya pili mwembamba. Paliandikwa: Bi Rehema wa Arusha.

Bi Salama alikuwa na presha, na muuguzi alikuwa amemshauri apunguze uzito. "Hebu soma tena, mwanangu," alisema. Kesho yake wakaagiza, na unga ukaletwa kwa basi.

Siku ya nne ya kuunywa, Bi Salama aliharisha mpaka akashindwa kupanda kwenda shambani. Kichwa kilimzunguka. "Ni dawa inafanya kazi," alisema. Vidonge vyake vya presha alikuwa ameacha kuvimeza. Nasra aliingiwa na hofu, lakini alinyamaza. Si yeye aliyesoma tangazo lile?

Jumamosi mama hakuweza kutoka kitandani. Alimpa Nasra simu, naye akafuatana na majirani kupeleka karoti kwenye soko la Soni. Pale sokoni alimwona mwanamke akipanga kabichi. Juu ya jicho lake palikuwa na kovu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, wewe ndiye Bi Rehema wa Arusha?"

"Mimi Mwanamisi, wa hapa hapa Soni. Arusha hata sijafika!"

Nasra akamwonyesha tangazo. Bi Mwanamisi alianza kucheka, kisha akaacha ghafla. "Hapa nilikuwa na mimba ya mapacha! Na hapa walikuwa wametimiza mwaka. Picha hizi niliziweka mtandaoni ndugu zangu wazione. Nani kaziiba?"

"Kwa hiyo hujawahi kunywa unga huu?"

"Unga ninaoujua mimi ni wa ugali. Nani anaunywa?"

"Mama yangu," Nasra alijibu, machozi yakimlengalenga. "Anaumwa sana."

Bi Mwanamisi alimwachia jirani kabichi zake, akaongozana na Nasra hadi Magamba. Bi Salama alipomwona mlangoni yule mwanamke wa kwenye picha, na kusikia habari za mapacha, alifunika uso kwa khanga.

"Nisamehe, mama," Nasra alisema. "Mimi ndiye niliyekusomea."

"Wewe ulisoma tu, mwanangu. Aliyetaka kuamini ni mimi."

Siku hiyo hiyo walimpeleka kituo cha afya. Presha ilikuwa juu mno, akalazwa. Baada ya siku tatu alikuwa ameketi, anakunywa uji na kuuliza habari za karoti zake.

Elieshi, yule muuguzi aliyemshauri apunguze uzito, alimwanzishia tena vidonge vyake, akawaambia, "Picha inaweza kuwa ya kweli, na maneno yaliyo chini yake yakawa uongo mtupu. Uzito hupungua polepole, kwa chakula bora na mazoezi. Mkiona tangazo la dawa, njooni mniulize kabla ya kununua." Kisha akamgeukia Nasra, aliyekuwa amemweleza yote. "Na wewe, ukimwona mtu anaumia, sema siku ile ile, hata kama unaogopa kulaumiwa. Safari hii umesema, na mama yako yu hai."