Mwanamke wa Kisogo

Sikio lile jana halikuwapo.

Savia alikuwa anafuta vumbi sebuleni, Jumamosi asubuhi, redio inajisemea peke yake jikoni, ndipo akaliona. Sikio la kushoto la yule mwanamke wa kwenye picha, jekundu kidogo kama la mtu aliyetoka kwenye baridi, limechomoza katikati ya nywele. Picha yenyewe aliijua vizuri: mwanamke mwenye gauni la kijani, amekaa kitini mbele ya dirisha, amempa kila mtu kisogo, nywele zimemwagika hadi mabegani. Sikio? Wapi! Na Savia alikuwa na hakika, kwa sababu Toronto nzima hakuna aliyemkagua mwanamke yule kwa chuki kama yeye.

Maana alikuwa anamwonea wivu. Tuseme kweli tangu mwanzo, tusizungukezunguke. Mwanamke mzima, Mgoa wa Mombasa, karani wa bima anayeheshimika, msomaji wa rozari, anaionea wivu turubai iliyopakwa rangi. Ungemcheka? Hata yeye alijicheka, lakini moyo ulikuwa hauchekeki.

Chanzo kilikuwa Mzee Orrin Prewitt. Mmarekani wa Ohio, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha vioo, aliyehamia Toronto kumfuata mke. Mke akamwacha, yeye akabaki, akageuza gereji moja huko Agincourt kuwa karakana ya kuchorea. Alichora maisha yake yote na dunia haikumjua. Maonyesho yake yalihudhuriwa na watu wachache, wengi wao wamefuata divai ya bure. Jumba moja la sanaa huko kwao lilinunua picha yake, likaitia stoo. Na kila picha ilikuwa ile ile: kiti, dirisha, mwanamke, kisogo.

Clive, mume wa Savia, ndiye aliyemtengenezea fremu. Alikuwa na duka dogo si mbali na gereji, na kila Alhamisi akifunga duka alipitia kwa mzee. Savia alipasha chakula, kikapoa, akakipasha tena. Clive akirudi ananukia mafuta ya kitani na tapentaini, macho yako mbali.

"Ni nani huyo mwanamke?" Savia aliuliza siku moja. Kiingereza chao kilikuwa cha kazini. Kugombana waligombana kwa Kiswahili.

"Hayupo, Savi. Mzee hajawahi kuwa na mtu wa kumchora."

"Asiyekuwapo ndiye unayemchongea fremu ya mkangazi? Mimi niliyepo rafu ya jikoni imeanguka tangu Pasaka!"

Vuli ya mwaka tisini na sita mzee akafa. Picha yake ya mwisho alimwachia Clive, rangi ya nywele haijakauka vizuri. Clive akaitundika sebuleni mkabala na kochi, akarudi nyuma kuitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee aliomba kitu kimoja tu. Asisemeshwe."

"Nani asisemeshwe?"

"Huyu."

Basi hapo Savia akawaka. Alhamisi zote zile zikampanda kichwani. "Asisemeshwe! Kwani yeye nani, malkia? Anaingia nyumbani kwangu, hodi hapigi, salamu hataki!" Akaenda jikoni, akamimina kahawa kwenye kikombe cha wageni, akaja kukiweka chini ya picha, akapiga goti la dhihaka kama walivyotaniana wanawake mtaani kwao Mombasa. "Karibu, mke mwenzangu. Nyumba ni yako. Mume ndiye huyu, tutapeana zamu."

Alicheka peke yake. Clive alikuwa amekodolea macho kikombe, uso umemsawijika. Asubuhi kikombe kilikuwa kitupu, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye aliyemwaga.

Sasa sikio. Savia alihesabu ni ujinga wa macho, akaendelea na vumbi lake. Lakini juma lililofuata sikio lilikuwa na kipuli, kipuli cha dhahabu chenye kijiwe chekundu, na Savia alikijua kabla hajakisogelea kwa sababu mama yake ndiye aliyemvalisha siku ya harusi. Akakimbilia kabatini. Kisanduku kilikuwa na kipuli kimoja tu.

"Umempa kipuli changu!" alimfokea Clive alipoingia. "Umekaa ukamchora na kipuli cha mama yangu!"

"Mimi sijui hata kushika brashi, Savi. Una nini?"

Na kweli hakujua. Hilo ndilo lililomtisha Savia, kwamba mumewe hakuwa anadanganya. Hakujua kwa nini usiku mmoja analala chumbani na wa pili anajikuta kwenye kochi, mbele ya picha, amejifunika koti. Hakujua kwamba siku za kochi anaamka ananukia asumini, hapo hapo Scarborough, nje theluji imefika magotini. Kumbe zamu zilikuwa zinafuatwa, tena kwa haki kuliko wanadamu wanavyoweza. Kila zamu ikipita, Clive alirudi kwa mkewe amepungua kidogo. Alisahau wanavyopenda chai, alisahau sikukuu ya ndoa, akimtazama Savia anamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Padre aliitwa, akanyunyiza maji ya baraka, akaisifu fremu, akaenda zake.

Ikafika siku ya Desemba ambayo Savia alitoka kazini mapema kwa sababu ya homa, na kwa kuwa siku hizo giza huingia saa kumi na moja alifungua mlango wa nyumba taa hazijawashwa, akasikia kicheko. Alisimama palepale kwenye zulia la viatu, buti moja mguuni na jingine mkononi, akasikiliza sauti ya mumewe, laini, sauti ya zamani ya uchumba wao, inasimulia jambo, na sauti nyingine inamwitikia, ya kike, Kiswahili cha Mombasa kitupu, kile kile cha Savia, mpaka mwanzo alidhani anajisikia mwenyewe. Akanyata ukutani, asumini imejaa puani, na chini ya asumini ile harufu ya mafuta ya kitani, akachungulia, akamwona Clive amekaa chini kama mtoto, amemwinulia mtu uso, na kwenye picha, kwa mwanga wa taa za barabarani, hakikuwa tena kisogo kitupu, bali shavu, na ncha ya pua, na pembe ya mdomo unaotembea.

Mdomo ukaacha kutembea. "Zamu yako ni kesho, dada," ukasema, bila kugeuka.

Savia alitoka na buti moja.

Bi Daulat, mwanamke mtu mzima wa Tanga, aliishi Malvern na binti yake. Mchana alimenya vitunguu saumu mbele ya televisheni. Wenye shida za majini walimfuata kimya kimya, Waislamu na Wakristo. Alimsikiliza Savia mpaka mwisho. Savia akamweleza na lile ambalo mzee aliwahi kumdokezea Clive: kwamba alipokuwa kijana, huko Ohio, alichora kiti kitupu ndani ya nyumba iliyohamwa, na asubuhi akakuta kiti kina mtu. Tangu siku hiyo mkono wake ulianza na uso, hata akitaka kuchora bakuli la matunda. Alikuwa anauchora uso ule, anausubiri ukauke, halafu anaufunika kwa nywele. Hivyo ndivyo alivyochora picha zake zote.

"Masikini," alisema Bi Daulat. "Watu wanadhani alikuwa hana jipya la kuchora. Alikuwa anafunga mlango, kila siku anaufunga. Jini huyo hakualikwa hata mara moja. Wewe ulimwambia nini?"

"Nilikuwa natania, Bi Daulat."

"Wewe ulitania. Yeye hakutania. Ulimkaribisha, ukampa kahawa, ukamgawia mume kwa mdomo wako."

"Niichome?"

"Ukichoma malazi ya mgeni atalala wapi? Si kwako?" Akafuta mikono. "Nisikilize, mwanangu. Aliyemkaribisha mgeni ndiye humsindikiza. Utamrudisha kule alikokuwa hasemeshwi. Utamgeuzia ukutani, utatoka, utafunga. Mumeo atarudi kuwa wako. Lakini njiani atasema, na wewe usimuulize kitu. Atukane, alie, ataje lolote. Ukimuuliza swali moja tu umemfungulia mazungumzo, na hapo mgeni haondoki tena. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema Savia. Kwa Clive angeweza lolote.

Kesho yake alasiri alichukua ufunguo wa gereji ya mzee dukani kwa Clive, akaifunga picha kwa shuka, akapanda nayo basi. Aliipakata kama mgonjwa. Hawajapita vituo viwili, shuka likaanza kupata joto mapajani, na sauti yake mwenyewe ikamwambia sikioni kwamba Clive hajawahi kuipenda biriani yake, na kwamba wiki Savia aliyokwenda kumzika mama yake, Clive hakulala nyumbani, na kwamba kuna mwanamke wa kanisani, mwenye koti la bluu, unamjua, dada, unamjua vizuri. Na Savia akauma skafu yake kwa meno, machozi yanamtiririka, kijana wa kiti cha mbele akageuka kumtazama, basi likaendelea na safari yake ndefu katikati ya theluji na maduka na theluji, na yeye akanyamaza, akanyamaza, akanyamaza.

Gereji ilikuwa baridi kuliko nje. Kiti kilikuwapo, dirisha lilikuwapo. Aliiegemeza picha, uso ukutani. Sauti ikakatika. Akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akageuka, mguu mmoja ukakanyaga theluji. Amemaliza! Moyo ukamruka kwa furaha.

"Nenda salama, dada," ilisema sauti nyuma yake, kwa upole, bila kinyongo. "Umenishinda. Ila usingizini, kwenye zamu zangu zote, Clive alikuwa anataja jina moja tu."

Savia alishika komeo. Ilibaki kulivuta tu.

"Jina la nani?" akauliza.

Clive alipona. Huo ndio ukweli, na watu wa kanisani wamemshukuru Mungu. Anakumbuka chai, rafu ya jikoni ameitengeneza, kila Alhamisi anawahi nyumbani. Akifungua mlango asumini inampokea. Anamkuta mkewe sebuleni, kwenye kiti alichokisogeza mwenyewe hadi dirishani, amempa kisogo, kipuli kimoja kinawaka sikioni, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayenong'onezwa. Ameacha kazi. Kila jioni sauti ile inamwambia kwamba kesho, dada, kesho nitakwambia, na kila jioni anangoja, hataki hata mtu apite karibu asije akakosa kulisikia jina.

Clive anaweka chini mfuko wa vyakula. Anasimama nyuma yake, hawashi taa, analia, anamwita.

"Savi," anasema. "Savi. Savi, geuka."

Anataja jina hilo hilo moja, mpaka usingizini.