Kitabu Alichokingojea Rumondang

Kila Jumamosi, baada ya kufagia kanisa, Tiarma, Poltak na Rumondang, watoto watatu wa kijiji chetu kando ya Ziwa Toba, walikutana uvunguni mwa nyumba ya bibi yake Tiarma, ambaye sote tulimwita Ompung, yaani bibi kwa lugha yetu. Hapo, baina ya nguzo ndefu zilizoinua nyumba, ndipo vitunguu vilipokaushwa. Mikono yao ilifunga vitunguu mafungu mafungu, na vinywa vyao vilisimulia vitabu.

Vitabu hivyo vilitoka katika sanduku la kanisa, navyo havikuzidi ishirini. Kwa hiyo watoto walijiwekea sharti: anayesoma awaeleze wenzake kila juma amefika wapi, na akimaliza, ampe kitabu yule anayefuata zamu.

"Mimi bado niko na nahodha wangu," alisema Poltak, mwana wa seremala. "Meli imezama, jamaa amekalia pipa, anakula biskuti zilizolowa."

"Wiki iliyopita pia alikuwa juu ya pipa," akasema Rumondang. "Hilo pipa halijaota mizizi tu?"

"Bahari ni kubwa, bwana! Unataka afike leo?"

Rumondang alicheka mpaka akashika kifua. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu utotoni. Hakuweza kukimbia wala kupanda kilima. Mchezo wake ulikuwa kusoma.

"Na wewe, Tiarma? Yule binti amempata baba yake?"

Tiarma alikuwa amechukua kitabu kinene kuliko vyote, kisa cha binti aliyevuka msitu kumtafuta baba yake katika mashamba ya mpira. Hakukipenda; alikichukua kwa ajili ya unene wake, ili asifiwe. Kwa kweli alikuwa mzito wa kusoma, na jambo hilo alilionea haya. Alikuwa amesoma kurasa tisa, akatazama picha, kisha akakifunga.

"Nimekimaliza!" akasema. "Anamkuta baba yake tajiri. Wanarudi nyumbani na nyati saba wa kulimia."

"Saba!" Poltak akapiga mluzi. "Huyo baba angekuwa wangu."

"Basi, usinimalizie utamu," Rumondang akadakia. "Zamu ni yangu. Niletee leo hii."

Hapo Tiarma alishikwa na hofu. Rumondang akikisoma, ataujua uongo. "Ompung anakisoma kwanza," akajibu. Jumamosi iliyofuata alisema kimelowa mvua, naye anakianika. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili, na wa pili ukazaa wa tatu, kama ilivyo desturi ya uongo.

Jumamosi ya tatu Rumondang hakuja. Alikuwa kitandani, midomo yake imegeuka rangi ya samawati. Poltak ndiye aliyeleta ujumbe.

"Anakiomba kile kitabu. Anasema hata kama kimelowa, atakisoma hivyo hivyo. Mpelekee basi, unang'ang'ania kama kupe!"

"Nitampelekea kesho," alisema Tiarma.

Lakini kesho yake hakwenda. Alijifungia chumbani, akajaribu kukisoma kwa haraka ili uongo wake upate kuwa kweli. Maneno yalimkataa. Jumatano asubuhi, alipokuwa angali kwenye ukurasa wa thelathini, kengele ya kanisa ililia polepole, nasi sote tukajua ni nani.

Kwetu, kifo cha mtoto hakipigiwi ngoma wala hakifanyiwi karamu. Huzikwa kesho yake. Wanawake humzunguka maiti, wakamwambia yaliyo moyoni kana kwamba anasikia. Tiarma alipofika na kitabu kwapani, Mama Rumondang alikuwa akisema na mwanawe:

"Amka, mwanangu. Kila asubuhi uliniambia, 'Mama, hebu chungulia njiani, Tiarma anakuja.' Nilichungulia, mwanangu. Sikuona mtu."

Tiarma alitaka kukimbia. Ompung, aliyekuwa ameketi mlangoni, alimshika mkono.

"Mbele ya maiti watu husema kweli, au hunyamaza," akamwambia kwa sauti ya chini. "Wewe una neno?"

Tiarma alipiga magoti mkekani. "Rumondang, nilikudanganya," akasema, huku machozi yakimtiririka. "Sikukimaliza. Siku ile nilikuwa nimesoma kurasa tisa tu. Ompung hakukisoma, wala hakikulowa. Nilikuficha kitabu ili usijue."

Mama Rumondang akamgeukia.

"Kumbe mwanangu alikuwa akiitazama njia kwa sababu wewe uliona haya?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Sitasema kwamba jambo hili haliniumi. Linaniuma." Alivuta pumzi, kisha akaonyesha mahali karibu na kichwa cha mwanawe. "Kaa hapo. Soma."

"Nasoma polepole, Mama. Maneno mengine yananishinda."

"Soma polepole. Mimi niko hapa mpaka kesho."

Akaanza ukurasa wa kwanza. Aliposhindwa alisema, "Neno hili silijui," na Poltak, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba, alisogea akamtajia. Jua lilipotua walikuwa hawajafika hata robo.

Baada ya maziko, Tiarma alikwenda kwa Mama Rumondang kila alasiri akitoka shuleni. Ilimchukua miezi miwili kumsomea kitabu chote. Siku ya mwisho mama yule alikifunga kitabu mwenyewe, akakipangusa kwa ncha ya nguo yake.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Kusoma kurasa tisa si aibu. Ungesema, 'Nimesoma tisa,' Rumondang angekaa nawe akusomee zilizobaki, maana alikuwa hivyo. Ukiharibu chombo changu, nitanunua kingine. Wewe ulimnyima mtoto siku zake, na hizo haziuzwi popote. Nimekusamehe. Lakini tangu leo, ukikosa, ungama upesi, wakati mwenye haki ya kusikia angali ana masikio."